Nzi Gani Leo? Tafakari juu ya Njaa na Ndoana



Wapendwa wana wa Mungu, katika mito ya baridi iteremkayo kutoka safu za Nyandarua na Mlima Kenya anaishi samaki aitwaye trauti. Yeye si mwenyeji wa asili wa maji hayo. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, na vifaranga vikapandwa katika mto Gura. Wapenzi wa uvuvi huu hawamtegi kwa wavu, bali kwa nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyovishwa manyoya, sufu na uzi mpaka ikafanana na mdudu. Kabla ya kurusha mshipi, mvuvi hujiuliza: nzi gani leo? Juma hili tulitafakari swali hilo, maana linahusu pia roho zetu.

Mvuvi mwenye subira hafungui kisanduku chake kwanza. Husimama ukingoni akaangalia. Hutazama ni wadudu gani wanaoruka juu ya maji, kisha huinua jiwe mtoni na kuona ni viumbe gani wamejishika chini yake. Hapo ndipo huchagua, akipima ukubwa, umbo na rangi. Na mara nyingi ukubwa humfaa kuliko rangi. Samaki akila juu ya maji, mvuvi huchukua nzi wa kuelea, aliyefungwa kwa manyoya magumu ya shingo ya jogoo. Akila chini, huchukua nzi wa kuzama, mwenye manyoya laini ya kuku jike. Katika yote hayo, mapendeleo ya mvuvi hayana nafasi. Nzi mwenye rangi za kung'aa dukani huenda akamnasa mnunuzi, lakini samaki akampita tu.

Elimu hii ni ya kale. Claudius Aelianus, mwandishi wa zama za Dola la Roma, aliwaeleza watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuwavua samaki wenye madoadoa. Mwaka 1496 kilichapishwa huko Westminster, Uingereza, kitabu cha uvuvi ambacho mapokeo yanakihusisha na mtawa, Juliana Berners. Kitabu hicho kilitaja nzi 12 na kuwapanga kufuata miezi, kwa kuwa wadudu hubadilika kadiri majira yanavyobadilika, na samaki hufuata kilichopo. Baadaye Mwingereza G. E. M. Skues, katika kitabu chake cha mwaka 1910, aliwakumbusha wavuvi wa zama zake, waliothamini nzi wa kuelea peke yake, kwamba trauti hula sana wadudu wachanga walio chini ya maji, kabla hawajaruka. Mawimbi madogo tunayoyaona juu huenda yanatokana na samaki anayekula mahali tusipopaona.

Basi, wapendwa, kuchagua nzi ni kuisoma njaa ya mwingine. Na hapa tujihadhari, kwa sababu yuko anayeisoma njaa yetu kwa makini kuliko mvuvi yeyote. Mwinjili Mathayo anatueleza kwamba Mshawishi alimjia Bwana wetu jangwani baada ya siku 40 za kufunga, akaanza na habari za mkate. Hakuanza na fahari za ulimwengu. Alianza na tumbo lililokuwa tupu saa ile.

Hata leo anafanya vivyo hivyo. Kijana aliyezunguka na vyeti vyake mwaka mzima bila kupata kazi huletewa kamari kwenye simu. Mzazi anayehangaikia karo Januari huletewa mkopo wa dakika tano. Mjane asiyepata usingizi kwa upweke huletewa mhubiri auzaye maji ya muujiza. Kila mmoja ameletewa nzi wa kipimo chake, katika majira yake, na ndoana imefichwa ndani ya manyoya. Kwa hiyo tusiwacheke walionaswa. Hawakunaswa kwa upumbavu. Walinaswa kwa njaa, na pengine sisi tulikaa nao benchi moja kanisani pasipo kuiona.

Bwana wetu naye anaijua njaa ya mtu. Pale kisimani Samaria alianza mazungumzo kwa habari ya maji, na yule mama alikuwa amefuata maji. Lakini kwa Yesu hakuna ndoana iliyofichwa. Aliwaambia wazi wanafunzi wake habari za msalaba kabla hawajaamua kumfuata hadi mwisho. Na baada ya ufufuko, wavuvi wake walipofika ufukweni wamechoka, walikuta amekwisha kuwasha moto, na juu yake samaki na mkate. Mshawishi humlisha samaki ili amle. Kristo hutulisha ili tuishi, na chakula chenyewe ni Yeye.

Jambo hili linatudai katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Twataka vijana warudi, twataka jirani aliyeacha Sakramenti aonekane tena. Kabla ya kupanga wimbo mpya au semina, tuinue jiwe kwanza: je, tumemuuliza mtu huyu analala na mawazo gani? Kinachotupendeza sisi huenda hakimgusi kabisa. Kisha tujiulize swali la pili, lililo zito zaidi: je, tunapompelekea unga na sukari, tunampelekea kwa kuwa ana njaa, au kwa kuwa tunataka hesabu ya jumuiya yetu ipande? Upendo wenye ndoana ndani yake si upendo, hata ukipambwa kwa rozari. Mtu aliyeonja ndoana mara moja huogopa hata mkate halisi.

Juma hili, kila mmoja wetu ajiulize mbele ya Ekaristi Takatifu: njaa yangu ya majira haya ni ipi? Tuitaje kwa jina mbele za Mungu, kwa kuwa njaa isiyotajwa ndiyo Mshawishi huifungia nzi wake. Kisha tumtembelee mtu mmoja, tukae naye, tumsikilize, wala tusimdai kitu.

Tumwombe Bwana atujalie macho ya kuona njaa za wenzetu na mikono isiyo na ndoana. Mama Bikira Maria, aliyeona divai imekwisha kabla wengine hawajasema, atuombee. Amina.