Wells: Jiji Dogo Lisilo na Treni

Msafiri anayetaka kufika Wells kwa treni atangoja bure. Treni ya mwisho ya abiria ilipita mwaka 1963, na tangu hapo mji huu wa Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, hufikiwa kwa barabara tu. Wakazi wake ni wapatao 11,000. Hata hivyo Wells una hadhi ya jiji, hadhi ambayo mji wa Reading, wenye watu zaidi ya 150,000, haujaipata mpaka leo.

Njia iliyo nyepesi kutoka London ni kupanda treni katika stesheni ya Paddington hadi Bristol Temple Meads, mwendo wa saa moja na dakika 40 hivi. Kutoka Bristol hadi Wells ni kilometa 32, na basi namba 376 huchukua kama saa nzima kwa kuwa hupanda na kushuka vilima vya Mendip. Anayeanzia Bath naye ana basi lake, na umbali ni kama huo huo. Mwenye watoto au wazee na aulize mapema saa ya basi la mwisho la kurudi, hasa siku ya Jumapili, ambapo mabasi hupungua.

Sisi tulikwenda familia mbili, pamoja na bibi yetu anayetembelea mkongojo. Kabla ya safari tulijadiliana sana iwapo miguu yake itahimili. Tulipofika tuliona kuwa yote tuliyoyafuata yamo katika eneo ambalo mtu mzima hulizunguka kwa miguu chini ya saa moja. Kutoka kituo cha basi hadi uwanja wa soko ni dakika chache tu. Soko hukusanyika Jumatano na Jumamosi, na siku hizo mji huchangamka zaidi.

Katika barabara kuu, High Street, bibi alisimama. Pembezoni mwa barabara, katika vijifereji vya mawe, maji safi yalikuwa yakitiririka ilhali hapakuwa na mvua. Akauliza: “Maji haya ni ya nani, wanangu?”

Jibu lake ndilo kiini cha mji huu. Jina Wells latokana na chemchemi zilizomo ndani ya bustani ya kasri ya askofu. Mwaka 1451 Askofu Thomas Bekynton aliwapa wenyeji haki ya kupata sehemu ya maji hayo, yakapitishwa chini ya ardhi mpaka sokoni. Alichowataka ni kulizuru kaburi lake mara moja kila mwaka na kumwombea. Leo nyumba zina mabomba, lakini maji ya chemchemi bado yanapita barabarani, na watoto huyafuata kwa macho kama tulivyofanya sisi. Bibi aliposimuliwa alitikisa kichwa, akasema: “Kumbe zawadi yake bado inatembea.”

Kutoka sokoni mtu hupita lango la mawe liitwalo Penniless Porch, yaani lango la wasio na senti, ambapo maskini walikuwa wakiomba sadaka. Mbele yake hufunguka uwanja wa majani na kanisa kuu lililoanza kujengwa mnamo mwaka 1175, uso wake ukiwa na sanamu karibu 300. Ndani yake mna saa ya mwaka 1390 hivi, ambayo kila robo saa hutoa wapanda farasi wadogo wanaopigana. Mna pia matao makubwa yaliyopishana mfano wa mkasi. Hayakuwekwa kwa ajili ya pambo: mnara ulikuwa unadidimia, na mafundi wakayajenga kati ya mwaka 1338 na 1348 ili kuuzuia usianguke.

Nyuma ya kanisa kuna Vicars’ Close, kijia cha nyumba za mawe za karne ya 14 ambazo hadi leo zinakaliwa na watu. Upande wa pili, kasri ya askofu imezungukwa na handaki pana la maji, na bata maji weupe huvuta kamba ya kengele langoni wanapotaka chakula. Bustani ya chemchemi ina kiingilio, ila kulizunguka handaki kwa nje ni bure. Hapo ndipo tulipotandika mkeka, tukaswali Adhuhuri tukielekea kusini-mashariki. Anayekwenda wakati wa baridi akumbuke kuwa mchana ni mfupi mno, na Alasiri huingia upesi.

Tuliyazungumza haya ndani ya basi la kurudi, kwa sababu sote tunavijua visima vya wakfu ambavyo waliovichimba wamesahauliwa na midomo yake imezibwa kwa taka. Askofu yule alitoa maji, lakini pia aliukabidhi mji wenyewe haki hiyo, ukawa na sababu ya kuyatunza kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo tunashauri kila familia na kila kamati yenye kisima kilichotolewa na marehemu wake iketi iandike ni cha nani, kinahudumia nani, na nani atakisafisha mwaka ujao. Wenye kuyajua hayo kwa kichwa wamezeeka.