Ndoo ya Kijani

Basi bwana, mambo yote yalianza na simu ya mjomba. Mdogo wangu, yuko darasa la tano, aliiazima jioni moja akaona video ya mnyama mweupe, matamvua mekundu yametoka nje ya shingo kama manyoya, mdomo unatabasamu muda wote. Aksoloto. "Kaka, namtaka huyu." Hakusema anaomba. Alisema anamtaka.

Mimi nilikuwa nyumbani Ilula nasubiri matokeo ya kidato cha sita, na wewe msomaji uliyewahi kusubiri matokeo unajua mtu anavyogeuka mtaalamu wa kila kitu. Nikamwambia huyo ni wa Meksiko, kwao ni kwenye mifereji ya Xochimilco, ndani ya jiji kabisa, na huko porini amekaribia kwisha. Waliojaa ni wa kufugwa. Anataka maji ya baridi, digrii 16 hadi 18, yanayotembea polepole. Hapatikani Ilula. Dogo akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemzuia asizaliwe huku.

Tukakubaliana na viluwiluwi. Wa chura, nasema, si wa mbu. Mfereji wa bustani uko nyuma ya nyumba, tukachota kumi na wanne. Tangi la kioo nilichongesha kwa fundi vioo mjini Iringa kwa hela niliyopata kupakia matenga ya nyanya kwenye fuso. Chujio nililitengeneza mwenyewe: chupa ya plastiki iliyokatwa, kipande cha sponji ya godoro, changarawe iliyooshwa, na kipampu kidogo cha hewa kinacholia kama nyuki aliyekasirika. Maza akasema nimerukwa na akili. Dingi hakusema kitu, alitoa tu redio yake kwenye soketi.

Sasa, washikaji wengi wanafikiri chujio kazi yake ni kuondoa takataka. Hiyo ni kazi ndogo. Mnyama wa majini anakojoa humo humo anamokaa, na uchafu wake unatoa amonia, ambayo ni sumu na wala huioni. Kwenye sponji na kwenye changarawe wanaota bakteria: kundi la kwanza linageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kundi la pili linaigeuza kuwa naitreti, ambayo ina nafuu, nayo unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao wanachukua wiki nne hadi sita kujijenga. Ukiosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini umewaua, unaanza upya. Ndiyo maana sponji inakamuliwa ndani ya maji ya tangi lenyewe, na maji yanabadilishwa robo tu, siyo yote. Tangi linalong'aa sana siku ya kwanza ndilo la hatari. Dogo alilishika hilo kuliko mimi. Kila Jumamosi alikuwa ananikagua.

Siku moja akauliza umeme wa kipampu unatoka wapi. Nikamwambia gridi ya taifa: Mtera, Kidatu, Kihansi. Nikamsimulia Kihansi, maana ni jirani, ukingoni mwa Milima ya Udzungwa. Pale palikuwa na maporomoko, na kwenye manyunyu yake, eneo la kama hekta mbili tu, chura wa rangi ya dhahabu, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, asiyetaga mayai bali anazaa watoto kamili. Aligunduliwa mwaka 1996, bwawa likiwa tayari linajengwa. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakauka. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia. Mwaka 2000 chura 499 wakapandishwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wakafugwa kwenye matangi ya kioo kama letu, ya kwao yana mashine za manyunyu. Wengi walikufa miaka ya mwanzo. Waliobaki wakazaana mpaka maelfu, wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaachiwa bondeni kwao.

Dogo alilala akifurahi. Nilimpa nusu ya hadithi.

Wiki ya saba viluwiluwi wetu walikuwa na miguu ya nyuma. Jumamosi hiyo nilikuwa na haraka, kulikuwa na mechi. Ndoo yetu sikuiona, nikachukua ya kijani iliyokuwa kibandani, nikaisuuza, nikajaza maji yaliyolala siku mbili ili klorini itoke, nikabadilisha robo. Kama kawaida. Kufika saa mbili usiku wote kumi na wanne walikuwa matumbo juu.

Dogo aliangalia chujio kwanza. Kipampu kinalia. Sponji haijaguswa. Akasema, "Nimekosea wapi?" Na mimi, mtaalamu, nikamjibu labda umeme ulikatika mchana.

Ndoo ya kijani ndiyo dingi anachanganyia dawa ya nyanya kabla ya kuimimina kwenye bomba la mgongoni. Hapa Ilula nyanya ni kila kitu. Abiria akipita anaona kina mama na beseni zao barabarani, nyekundu kwa vitunguu. Na nyanya bila dawa hupati kitu. Sikuwa na kipimo cha kuthibitisha, lakini nilijua. Chura hana ganda wala magamba, ngozi yake ndiyo mdomo wake wa pili.

Nusu ya pili ya hadithi ni hii. Katikati ya 2003 chura wa Kihansi walikadiriwa kama 20,000. Januari 2004 walioonekana ni watatu. Waliokufa walikutwa na kuvu ya kitridi, inayoua chura dunia nzima, na wengi wanaitaja hiyo. Lakini majira hayo hayo bwawa lilifunguliwa kusafisha tope, na wapo wanaoshuku tope lilishuka na dawa za mashamba ya juu. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Usiku huo sikulala. Si kwa sababu ya viluwiluwi. Nilikumbuka kwamba maza, maji yakiwa ya foleni, anachotea ndoo yoyote iliyo karibu, anaisugua kwa mchanga na majivu, analowekea maharage.

Asubuhi nikasema mbele ya wote. Nilianza na uongo wa umeme, nikamwomba dogo radhi, ndipo nikafika kwenye ndoo. Dingi akawaka: "Miaka kumi tunaitumia, nani amekufa?" Hakuna aliyejibu. Maza alikuwa anatazama sufuria jikoni. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Hata ikisuguliwa?" Nikasema hata ikisuguliwa, mama, plastiki inanyonya.

Dingi alikaa siku mbili bila kunisemesha. Siku ya tatu nilimkuta kibandani na msumari aliouchoma motoni, anatoboa ndoo ya kijani matundu pande zote ili mtu asije akaichotea tena. Dawa sasa anachanganyia kwenye dumu alilolikata, limefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Maza bado analalamikia bei ya ndoo mpya.

Dogo alikaa mwezi mzima hataki kugusa tangi. Kisha juzi, bila kuniambia, akachota viluwiluwi kumi na mmoja mfereji wa juu, kule ambako hakuna bustani. Ndoo ananusa kwanza ndipo achote, na mimi haniruhusu kubadilisha maji.