Wako Wangapi?

Mimi nimeishia kidato cha nne, na hesabu nilipata F. Kazi yangu ni kuchapa barua na kutoa fotokopi katika duka moja la steshenari hapa Morogoro. Usiku naandika riwaya yangu kwenye kaunta buku, sasa niko kwenye ya tatu. Kwa hiyo nilipotakiwa kukadiria idadi ya watu duniani nilicheka kwanza.

Mambo yalianza hivi. Mdogo wangu anajifunza lugha ya kompyuta iitwayo Erlang. Fundi mmoja alimwachia kitabu chake, naye amekishika kama msahafu. Akapata nafasi ya mafunzo ya kompyuta Dar es Salaam, ya mwaka mmoja, na mwenye uwezo wa kulipa ada ni Baba mdogo peke yake, anayefanya biashara ya mchele. Baba mdogo si mtu wa maneno mengi. Aliniita akasema: "Wewe si ndiye mwandishi? Hebu niandikie barua. Hiyo lugha anayoisifia mwenzako inatumiwa na watu wangapi? Kama ni watu kumi, hela yangu siitupi."

Nikamwuliza mdogo wangu. "Wengi tu, kaka." Wengi wangapi? Akanyamaza.

Basi nikaanza kutafuta. Erlang ilitengenezwa na Joe Armstrong na wenzake katika kampuni ya Ericsson huko Sweden, miaka ya 1980, kwa ajili ya mitambo ya simu. Mwaka 1998 kampuni ikaiachia dunia, kila atakaye aichukue bure. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Muuza mchele ana daftari la wateja, lakini anayegawa bure haandiki majina.

Nikasema nihesabu imepakuliwa mara ngapi. Mdogo wangu akanicheka. Eti zipo kompyuta zinazopakua zenyewe kitu kilekile mara nyingi kwa siku, bila mkono wa mtu. Na yeye mwenyewe hakupakua, alinakiliwa kwenye fleshi na fundi wake, ambaye aliwapa vijana wengine wawili. Hesabu hiyo inazidi huku, inapungua kule.

Ndipo nikakutana na utafiti wa Stack Overflow, ambao kila mwaka huwauliza waandishi wa programu wanatumia lugha zipi. Mwaka 2023 walijibu karibu watu 90,000, na wenye Erlang walikuwa kama mmoja katika kila 100. Nikachukua kikokotoo. Waandishi wa programu duniani tukiwaweka milioni 20, na wapo wanaosema ni zaidi, mmoja kwa mia ni laki mbili! Nilifurahi kama niliyelipwa mimi.

Lakini usiku sikupata usingizi. Waliojibu ni wale waliosikia habari za utafiti, wakaelewa Kiingereza, wakapenda kujibu. Mdogo wangu hakuulizwa. Tena huenda wapenzi wa lugha ndogo ndio wepesi wa kujitokeza, maana wanataka wahesabiwe. Laki mbili yangu inaweza kuwa nusu, au hata robo.

Aliyenitoa gizani ni mtu aliyefariki mwaka 1929. Lugha hiyo ina jina la Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Kazi yake ilikuwa makadirio: mji una simu kadhaa, je, laini ngapi zinatosha ili wapigaji wasikwame? Hakugonga nyumba hadi nyumba. Alitazama simu zinaingia ngapi na kila moja inachukua muda gani. Kipimo kinachoitwa kwa jina lake, erlang moja, ni sawa na laini moja yenye kazi saa nzima, awe amezungumza mtu mmoja au ishirini. Alipima kazi, hakuhesabu vichwa.

Kumbe Baba mdogo aliuliza maswali mawili kwa pumzi moja. Wako wanaoiandika lugha hiyo, na wako wanaoishi kwa kazi yake. Mitambo ya WhatsApp ilijengwa kwa Erlang. Mwaka 2014, Facebook ilipotangaza kuinunua, watumiaji wake walikuwa milioni 450 kwa mwezi, na wahandisi wake 32. Baba mdogo mwenyewe huagiza mchele kwa WhatsApp kila asubuhi.

Nikaandika barua. Shikamoo Baba mdogo. Wanaoiandika ni maelfu mengi, yamkini hawazidi laki mbili, na zaidi ya hapo nitakuwa nasema uongo. Wanaoitegemea ni mamilioni kwa mamilioni, na wewe ni mmoja wao. Nikaweka na ile 32, ingawa mdogo wangu alinisihi niifute.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. "Umenionyesha walaji wengi na wapishi 32. Kwa hiyo jiko halihitaji watu wengi. Nitalipa muhula mmoja. Ajifunze na lugha nyingine. Ungeificha hiyo 32 na mimi nikaja kuijua, nisingelipa hata senti."

Mdogo wangu alinuna siku mbili, kisha akafunga begi.

Chini ya ujumbe huo Baba mdogo aliongeza: "Na hicho kitabu chako, kitasomwa na wangapi?" Sijamjibu. Hata jarida hili unaloshika, mhariri anajua nakala alizochapa, hajui zimepita mikono mingapi. Ninachojua ni kwamba kaunta buku ya kwanza haimo sandukuni. Mdogo wangu ameondoka nayo Dar es Salaam, bila kuniomba.

Kwa hiyo nimeanza hesabu. Mmoja.