Kuongeza 4096

Bibi alianza kuniita kwa jina la marehemu baba mwezi uleule niliorudi Tanga kumalizia mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni. Kila aliponiita, nilimsahihisha. "Bibi, ni mimi, mjukuu wako." Alikuwa akinitazama, kisha ananyamaza, na chai inapoa mbele yake.

Mradi wenyewe ulikuwa programu ya kuigiza kompyuta ya Apple II, iliyotoka mwaka 1977, pamoja na kadi ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1980, SoftCard. Apple II ilitumia prosesa ya 6502. Lakini programu nyingi za ofisini za wakati ule ziliandikwa kwa ajili ya mfumo wa CP/M, ambao haukuweza kukaa juu ya 6502. SoftCard ilibeba prosesa nyingine, Z80. Ukiichomeka, kompyuta moja inakuwa na prosesa mbili zinazotumia kumbukumbu ileile kwa zamu.

Ugomvi unaanzia kwenye sifuri. 6502 inazihitaji baiti 256 za mwanzo kwa kazi zake za haraka. 256 zinazofuata ni za kukumbuka ilikotoka ili iweze kurudi. Anwani 1024 hadi 2047 ni maandishi ya skrini. CP/M nayo inataka palepale: mambo yake yanaanzia sifuri, na programu zinapakiwa kuanzia 256.

Mimi nikaziacha zote mbili ziingie chumba kimoja. Z80 yangu iliandika kwenye sifuri, ikafuta vitu vya mwenzake, na programu ikamwagika hadi kwenye skrini. Alama zisizosomeka, siku tatu nzima.

Waliobuni kadi walimaliza ugomvi huo kwa kujumlisha. Z80 ikisema sifuri, saketi za kadi zinapeleka 4096. Ikisema 256, zinapeleka 4352. Inaendelea hivyo hadi anwani 45055. Juu ya hapo vipande vinapangwa upya, na sifuri yenyewe ya Apple, Z80 huifikia kwa kuiita 61440. Hakuna mahali Z80 inapoambiwa kwamba imekosea. Inaita kitu kwa anwani inayoijua, na inakipata.

Nilirekebisha mistari michache, na saa nane usiku CP/M ikawaka. Nilikaa pale gizani nikiwa na furaha, kisha nikaona aibu kidogo. Prosesa nilikuwa nimeivumilia kuliko Bibi.

Asubuhi aliita jina la baba kutoka uani.

"Naam, mama," nikaitika.

Uso wake ukafunguka. Akaniambia nikae. Akanikumbusha siku niliyorudi kutoka shule pekupeku kwa sababu viatu nilimpa mwenzangu, na jinsi alivyonichapa, na jinsi alivyojuta usiku. Baba hakuwahi kunisimulia hilo. Alifariki nikiwa na miaka tisa. Mengi hakuwahi kunisimulia.

Chai ilikwisha ikiwa bado ya moto.

"Na yule mwanao," akauliza, "bado anasoma?"

"Bado anasoma, mama."

"Mwambie asikeshe sana."

"Nitamwambia."