Kazi mpya ya Jumamosi

Nimeadimika, najua. Nimeanza kazi nyingine, Jumamosi tu, kwenye shirika la hisani linalogawa chakula hapa Leicester. Wodini bado nipo, Mama usihofu.

Ndiyo, ni hapahapa Uingereza. Mtu anakuja na vocha aliyopewa na daktari au ofisa ustawi wa jamii, anafungashiwa chakula cha siku 3: tambi, mchele, maharage ya kopo, maziwa, majani ya chai.

Siku ya kwanza nikamjazia dada mmoja mifuko miwili, najiona nimeweza. Akaanza kutoa mchele, kisha tambi, ananirudishia taratibu. "Sina umeme wa kupikia." Mita yake ni ya kulipia kabla, kama LUKU yetu, na salio limeisha. Nikamtafutia vya kula bila kupika: samaki wa kopo, biskuti, matunda ya kopo.

Alipoinama kubeba, koti likafunguka. Sare ya wauguzi wasaidizi, rangi ileile ya wodini kwetu. Akaona nimeona.

"Naingia zamu ya usiku," akasema.

Mdogo wangu, meseji yako ya ada nimeipata. Nitapiga Jumapili tuongee.