Pale Msipopaka

Wanangu na wajukuu zangu mnaochora hapa Mlandege,



Habari ya kuhama kwangu mmeshaisikia. Mwezi ujao nakwenda Makambako kukaa kwa binti yangu, na kibanda hiki nawaachia ninyi pamoja na vilivyomo. Vitu ni vichache, na mwishoni nimeandika nani achukue nini ili pasiwe na manung'uniko. Kabla ya vitu kuna maneno, na maneno yenyewe yanahusu maka za spiriti, kwa sababu ndizo mnazochangishana fedha kuziagiza kutoka Kariakoo na ndizo zinazowavunja moyo. Naletewa picha imejaa michirizi, shavu la mtu limekatika vipande vitatu vya kahawia visivyosalimiana, halafu naulizwa, "Babu, hizi maka ni feki?" Mara nyingi maka ni nzima kabisa. Kinachokosekana ni mpangilio wa kazi, na huo hauuzwi ndani ya boksi.

Mnanijua kwa rangi ya mafuta. Mabango ya vinyozi, majina ya maduka, maandishi ubavuni mwa magari ya mizigo, yote hayo nimeyafanya kwa brashi, kopo na chupa ya tina. Rangi ya mafuta inafunika. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, alishika rangi yenye uwezo huo. Ndiyo maana mpaka leo wanaofuata mtindo wake humaliza ndege mweusi kwanza, kisha wakamwekea nukta nyeupe mgongoni, na nyeupe ikabaki nyeupe. Aliyelelewa na rangi ya namna hiyo anazoea kupaka kwanza, mwanga atautafuta baadaye.

Maka za spiriti hazikubali mazoea hayo. Ndani yake mna rangi iliyoyeyushwa katika spiriti. Ukiigusisha karatasi, karatasi inainywa, spiriti inapaa hewani, rangi inabaki kwenye nyuzi za karatasi, na macho yanaiona karatasi kupitia rangi. Njano juu ya bluu itakupa kijani. Njano juu ya nyeusi haitakupa kitu. Na katika boksi zima, hata liwe na maka mia, hamtakuta nyeupe inayofunika. Mwanga wote wa picha yenu ni karatasi ambayo hamkuigusa, au mliyoigusa kidogo sana. Kwa hiyo kazi inaanza kabla kifuniko hakijafunguliwa: kaeni, tazameni kitu, amueni ni wapi hamtapaka. Wekeni alama hafifu ya penseli kuzunguka pale pahali. Kama kuna neno moja tu mtakalolichukua katika barua hii, lichukueni hilo.

Anzeni na nyanya. Nenda sokoni, chagua moja ya zile za Ilula, nono, yenye ngozi inayong'aa, uiweke mezani ili mwanga wa dirishani uipige upande mmoja tu. Itazame kwa muda. Kuna doa jeupe la mwanga karibu na juu, dogo na lenye kingo kali. Kulizunguka kuna wekundu unaoelekea rangi ya chungwa. Katikati ndiyo nyekundu yenyewe. Upande wa pili unaingia wekundu mzito unaokaribia zambarau, halafu, na hapa wengi hawaangalii, kwenye ukingo wa chini kabisa rangi inarudi kuwa nyepesi kidogo, kwa sababu meza nayo inarudisha mwanga. Mchoraji asiyeuona ule ukingo wa chini atachora duara bapa hata akiwa na maka za bei gani.

Sasa chukueni maka tatu za ukoo mmoja: nyepesi, ya kati, nzito. Nyepesi inatangulia, ipakwe nyanya nzima isipokuwa lile doa la mwanga. Msisubiri ikauke. Ingali mbichi, leteni ya kati, muipeleke kutoka upande wa kivuli hadi karibu nusu. Kisha nzito, eneo dogo tu, pale penye giza. Mpaka hapo mtaona mipaka mitatu, na hapa ndipo mnapokata tamaa mapema. Rudini nyuma kwa mpangilio ule ule. Chukueni ya kati mpite juu ya mpaka wa nzito, kwa viduara vidogo vidogo, hadi mpaka ulainike. Kisha chukueni nyepesi mpite juu ya mpaka wa kati. Spiriti mpya inaiamsha rangi iliyokwisha kulala, inaiyeyusha tena, na zote mbili zinaingiana. Michirizi inatoka kwa mtu anayepaka nzito juu ya karatasi kavu na kuiacha hapo.

Kati ya ncha mbili za maka, ile ya brashi ndiyo ya kazi hii. Ile bapa ya upande wa pili iwekeni kwa ajili ya maeneo makubwa, mbingu na kuta. Na msipeleke rangi hadi kwenye mstari wenyewe. Acheni nafasi nyembamba, kwa sababu karatasi iliyoshiba itaisukuma rangi mbele yenyewe hadi ifike mstarini, na mkianzia mstarini itavuka.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo maelekezo yaliyokuja na boksi hayalijui. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya kiangazi hewa ni kavu na upepo hauna adabu. Spiriti inapaa upesi mno. Rangi ambayo mwenzenu wa Tanga ana muda wa kuichezea, ninyi inawakaukia kabla hamjafungua maka ya pili. Fungeni dirisha linalopokea upepo, acheni mlango wa upande wa pili wazi mpate hewa, na msipake uso mzima kwa mara moja. Gaweni: paji, kisha shavu, kisha kidevu. Fungueni vifuniko vya maka zote tatu kabla ya kuanza na mzishike kati ya vidole, na mkimaliza kipande mzifunge hadi zilie "tak." Mwezi wa Juni na Julai, baridi inapowatuma kuingiza jiko la mkaa kibandani, nawakataza kabisa. Mvuke wa spiriti unashika moto, na mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua hata pasipo spiriti. Vaeni sweta.

Kuhusu wingi wa maka, sikubaliani nanyi. Mnaona fahari boksi la maka themanini, nami naona mtoto aliyenunua themanini na anazijua tisa. Kampuni ya Too ya Japani, iliyoanza kuuza Copic mwaka 1987, iliziandika maka zake kwa utaratibu wenye akili: herufi inataja ukoo wa rangi, tarakimu ya kwanza inataja jinsi rangi ilivyo safi au iliyofifishwa na kijivu, na ya mwisho inataja wepesi na uzito. E ni rangi za udongo. E33, E35 na E37 ni ndugu wa nyumba moja, zinaachana kwa hatua sawa, na zikipangwa kwa njia niliyoeleza haziwezi kugombana. Maka za bei nafuu tunazopata sisi nyingi zina namba zisizo na mpangilio huo, na rangi ya kifuniko hailingani na rangi inayotoka. Basi tengenezeni mpangilio wenu. Kila maka ikifika, ipakeni kwenye karatasi ile ile mnayochoria, mara moja upande wa kushoto, mara mbili upande wa kulia, muandike namba chini yake. Kesho yake, ikishakauka kabisa, ndipo mtajua ni rangi gani mliyonunua.

Na rangi za mbali msizilazimishe kuingiana moja kwa moja. Nyekundu na kijani zikikutana mbichi zinatoa rangi ya tope. Mnataka kutoka wekundu wa machweo kwenda bluu ya juu, pitieni zambarau.

Sasa nyuso, ambazo ndizo zilizonifanya nishike kalamu kuandika haya.

Katika maboksi mengi kuna maka inayoitwa ya ngozi, na ngozi hiyo ni ya waridi. Nimeona vijana wa hapa wakiwachora mama zao kwa rangi hiyo, kisha wakiongeza kahawia juu ili kusogea kwenye ukweli, na uso unatoka mgonjwa. Ngozi zetu hazianzii kwenye waridi. Anzeni na kahawia ya kati yenye joto, ile inayokaribia udongo wa matofali. Lakini kabla yake, fanyeni mambo mawili. Kwanza, pale penye mwanga, yaani paji, mfupa wa shavu na ncha ya pua, pakeni bluu hafifu kabisa au urujuani hafifu, kwa kuwa ngozi nyeusi inapong'aa nje mchana inaonyesha mbingu. Mkiacha karatasi tupu hapo, mng'ao utakuwa wa chokaa. Acheni karatasi tupu kwenye nukta ndogo tu, ncha ya pua na mdomo wa chini. Pili, pale penye kivuli, ndani ya matundu ya macho, chini ya mdomo, chini ya taya, tangulizeni zambarau na muache ikauke kabisa. Halafu leteni kahawia juu ya yote isipokuwa mng'ao. Kwa kuwa maka inapitisha macho, zambarau itaonekana chini ya kahawia, na kivuli kitakuwa kizito na bado kina uhai. Nyeusi msiitie usoni. Nyeusi ya maka inaziba, na uso uliozibwa haupumui.

Kisha tazameni mtu amevaa nini. Mama aliyejifunga kanga ya njano, akisimama juani, njano inapanda hadi chini ya kidevu chake. Wekeni pale tone la njano kabla ya kahawia. Ni kitu kidogo sana, lakini kinamtoa mtu kwenye karatasi na kumsimamisha mahali fulani, saa fulani. Nawasihi mchore watu wa hapa hivyo, wauza mboga, mafundi cherehani, bodaboda wanaosubiri abiria. Watu wetu wamechorwa kwa haraka mno na kwa kahawia moja mno.

Karatasi ya fotokopi haiwafai. Inakunywa bila kipimo, rangi inatambaa na kutokea upande wa pili. Karatasi nzuri ya mkono, hata ile ya kinyesi cha tembo ambayo Neema Crafts hapa mjini walianza nayo mwaka 2003, ni nzuri kwa kadi, lakini nyuzi zake zimeachana mno kwa maka. Tafuteni karatasi nzito, laini, isiyong'aa, na daima wekeni nyingine ya kutupa chini yake. Mistari ya wino choreni kwa kalamu ya wino wa maji usiofutika, muiache ikauke. Mkichora mstari kwa maka nyeusi ya kawaida, spiriti itauyeyusha na kuuburuta hadi katikati ya shavu.

Na ile maka isiyo na rangi, msidhani ni kifutio. Kazi yake ni kuisukuma rangi pembeni. Ni nzuri kwa kulainisha ukingo wa ukungu au kutengeneza nyuzi za kitambaa, lakini rangi iliyosukumwa itatuama mahali pengine na kufanya mviringo mzito. Itumieni kwa nia hiyo au muiache.

Nimalizie na kudumu. Nje kidogo ya mji, Igeleke, kuna michoro ya miambani ya wekundu wa kahawia, ya watu na wanyama, ambayo mikono iliyoichora hatuijui. Wekundu ule umevumilia vizazi kwa vizazi kwa sababu asili yake ni udongo wenye chuma, yaani jiwe lililosagwa. Rangi ya maka zenu haina jiwe ndani yake, na jua huila. Picha ikining'inizwa ukutani panapopigwa na jua, waridi na zambarau zitatangulia kupauka, na vile vivuli mlivyovihangaikia vitakwenda. Wekeni picha kwenye jalada, gizani. Ikiwa ni ya kuuzwa, ipigeni skani siku ile ile, na mwambieni mnunuzi ukweli aitundike mbali na dirisha. Fuateni na njia ya kwenda Igeleke siku moja, pamoja, na mtazame jinsi wale watu walivyoacha jiwe tupu kati ya umbo na umbo.

Mgawo ni huu. Binti anayechora mishono kwa ajili ya mafundi wa kitenge atachukua maka za kahawia na zambarau, zote, kwa kuwa yeye ndiye anayezimaliza. Kijana wa katuni, kalamu za wino na ile meza ndogo. Aliyeko VETA atachukua brashi zangu za mabango na makopo, na asizioshe kwa petroli. Chati ya rangi iliyobandikwa nyuma ya mlango ni ya kibanda, asiihamishe mtu. Maka zilale ubavu ndani ya droo, zisisimamishwe, ili ncha zote mbili zipate wino. Karatasi nzito iliyobaki iko juu ya kabati ndani ya mfuko wa nailoni, mgawane sawa. Ufunguo nimemwachia mama muuza vitumbua, na kodi nimelipa hadi Desemba. Kuanzia Januari mtachanga wenyewe, na mkubwa wenu ndiye atakayempelekea mwenye nyumba.

Babu yenu,
Mlandege, Iringa