Yangeyange, Buibui na Ukuta wa Chokaa

Mpiga picha anayesimuliwa katika tawasifu hii, ambaye ndiye mwandishi wake, alifanya karibu kazi yake yote katika Kisiwa cha Mombasa, baina ya nyumba ya wazazi wake mtaani Kibokoni, katika Mji wa Kale, na mikoko ya hori ya Tudor, yaani mkono wa bahari unaoingia bara kaskazini mwa kisiwa. Wenzake wengi walifuata wanyama Tsavo na Maasai Mara. Yeye alishikilia kwamba viumbe wanaoishi na watu mjini, pamoja na jamaa zake mwenyewe, wanastahili uangalifu uleule anaopewa simba.

Ufundi aliupata studioni, zama ambazo kazi ya N. V. Parekh, aliyezipiga picha familia za Mombasa kwa taa zilizopangwa kwa makini, ilikuwa ndiyo mizani ya wenye fani. Nje ya studio taa hazipangiki. Kipima mwanga, chombo cha kamera kinachokisia mwanga unaotakiwa, hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa cha kijivu. Kwa hiyo yangeyange aliyesimama juu ya tope jeusi la mikoko hupoteza manyoya na kuwa doa jeupe, kwa kuwa tope ndilo lililopimwa, na mama aliyevaa buibui mbele ya ukuta wa chokaa hugeuka kivuli kisicho na mikunjo, kwa kuwa ukuta umetawala kipimo. Dawa yake ni kumpima ndege peke yake, au buibui peke yake, kisha kulipanua tundu la lenzi kwa kilicho cheupe na kulibana kwa kilicho cheusi.

Ratiba yake iliongozwa na mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kina huzidi mita 3, na ndege hushuka kwa wingi kula topeni. Lakini mjini Mombasa maji hayo hupwa kabla ya adhuhuri, jua likiwa tayari kali, jambo lililomlazimu kuutafuta uvuli wa mikoko yenyewe. Kunguru wa Kihindi, ambaye kuwapo kwake Mombasa kulirekodiwa mwaka 1947, alimpiga picha kwa huzuni, kwani ndege huyo hula mayai na makinda ya ndege wenyeji, na pale anapozidi ndege wadogo hutoweka bustanini.

Ndege haombwi ruhusa. Mama na dada huombwa, na si mara moja tu, bali kabla ya kupiga, kabla ya kusafisha picha na kabla ya kumwonyesha yeyote. Katika nyumba ambamo wanawake hujisitiri mbele ya wasio maharimu, yaani wanaume wanaoweza kuwaoa, picha iliyopigwa uani bila buibui ni mali ya aliyepigwa, na mwandishi anaona kwamba desturi ya studio kutundika picha za wateja dirishani ilikuwa dhuluma hata ilipofanywa kwa sifa. Negativu za aina hiyo aliwakabidhi wenyewe, pamoja na maelekezo ya kuzikinga na koga, ukungu unaoota juu ya filamu katika unyevu wa pwani, na hakubakiwa na nakala.